Ngitili Zinavyoweza Kuwapa Nafuu Wanajeshi Wanawake Wastaafu

Katika vijiji vya kata ya Didia, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, mwanamke aliyestaafu Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) akirejea nyumbani hupokewa kama mama, shangazi au bibi. Huulizwa kuhusu mafao, nyumba na watoto. Ni nadra kuulizwa analalaje usiku.

Swali hilo lina uzito. Tangu mwaka 2013 Tanzania imepeleka askari, wakiwemo wanawake, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako shambulio la Semuliki la tarehe 7 Desemba, 2017 liliua walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14. Anayerudi salama kutoka mazingira ya namna hiyo anaweza kubaki na kiwewe: usingizi wa mang'amung'amu, kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira za ghafla na kujitenga. Kwa mwanamke, dalili hizo hufichika kwa urahisi nyuma ya shughuli za nyumbani, na majirani huishia kusema kuwa mama huyu ni mkali.

Miongoni mwa njia zinazotumika katika nchi nyingine ni kambi ya mapumziko ya nje, ambapo kundi dogo la wastaafu hukaa siku chache porini, wakitembea, wakipika na kuzungumza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wanajeshi wa zamani na vijana waliosafiri kwa maboti ya mpira kwenye mito yenye maji ya kasi. Wiki moja baadaye, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua kwa asilimia 29, na hisia iliyohusishwa zaidi na nafuu hiyo ilikuwa ile ya kustaajabia maumbile.

Sababu nyingine iko katika mwili wenyewe. Aliyepata kiwewe huishi kana kwamba hatari bado ipo. Mwendo wa taratibu chini ya miti huteremsha mapigo ya moyo na kulegeza misuli. Aidha, ujuzi wa kijeshi wa kusimika hema, kusoma ramani na kulinda lindo usiku hutumika upya, safari hii bila adui.

Kambi ya wanawake peke yao si upendeleo. Nchini Marekani, takribani mwanamke mmoja kati ya watatu wanaohojiwa katika huduma za afya za wanajeshi wastaafu hueleza kuwa alifanyiwa ukatili au unyanyasaji wa kingono akiwa jeshini. Jambo kama hilo halizungumzwi mbele ya wanaume waliovaa sare ileile.

Shinyanga haihitaji mito ya California. Ina ngitili, maeneo ya malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza ili nyasi na miti vipumzike, kisha huyafungua kiangazi kikipamba moto. Serikali ilipoanzisha Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Ardhi iliyokuwa ikigeuka jangwa leo ina migunga, asali na mitishamba.

Hata hivyo, si kila ngitili inafaa. Nyingi ni za familia au za serikali za vijiji, hivyo ridhaa hutangulia. Eneo liwe mbali na machimbo, kwani katika ukanda huu wa dhahabu mlio wa baruti mchana unaweza kubomoa kazi ya siku tatu. Juni na Julai, mvua zikiwa zimekoma, ndiyo miezi mwafaka.

Vilevile, kambi haichukui nafasi ya hospitali. Awepo mtaalamu wa afya ya akili tangu siku ya kwanza, na kabla ya hema kukunjwa kila mshiriki ajue ni kituo gani cha afya atakachohudhuria, tarehe ipi, na ni mwenzake yupi atakayempigia simu usingizi ukigoma.