Umatengo na Pwani ya Nyasa: Maneno kwa Anayekwenda Kutembea

Wasafiri wengi waendao kusini mwa Tanzania kwa shauku ya kuona nchi na watu wake, kuonja maakuli yao na kuzitazama ngoma zao, huwa nia zao zimekwisha elekea Ziwa Nyasa. Wakishaondoka Songea hawana haja nyingine ila kufika Mbamba Bay, na milima ya Mbinga huipita mbio kana kwamba si kitu. Mimi nayahesabu haya kuwa ni hasara kubwa, kwani ziwa ni kazi ya Mwenyezi Mungu peke yake, lakini katika milima ile, Kitura na vijiji jirani vya Wamatengo, mgeni huona kazi ya mikono ya wanadamu ambayo mfano wake ni nadra duniani.

Nasema habari ya ngoro, kilimo chao cha mashimo na matuta. Wangoni walipoingia nchi ya Songea katikati ya karne ya 19, Wamatengo wengi walisongwa wakapanda juu milimani, wakawa hawana budi kutafuta riziki katika miteremko mikali ambayo mvua za masika zingeweza kuikwangua udongo wote katika miaka michache. Jawabu lao lingaliko hata leo. Mwishoni mwa masika, kadiri ya mwezi wa Machi, wanaume hufyeka nyasi, wakaziacha zikanyauka, kisha wakazipanga kwa mistari ya kukatana hata shamba zima likawa viwanja vidogo vya mraba, kila ubavu mfano wa hatua mbili za mtu. Hapo huingia wanawake na majembe. Ukisimama karibu utamwona mama ameinama ndani ya mraba wake, achimba katikati na kuutupa udongo pembeni juu ya zile nyasi, jembe moja kushoto, jembe moja kulia, mpaka nyasi zimezikwa, matuta yamesimama pande zote nne, na pale alipokuwa amesimama pamekuwa shimo. Juu ya matuta hupandwa maharage. Mvua zirudipo mwishoni mwa mwaka hupandwa mahindi, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yakaoze. Maji ya mvua hutuama katika mashimo yakanywewa na ardhi polepole, na udongo haupati njia ya kukimbilia bondeni. Baada ya mavuno shamba hufanywa upya, na palipokuwa na tuta huchimbwa shimo. Mtu akiutazama mlima wa namna hii kutoka ng'ambo ya bonde, hudhani jarife kubwa limeanikwa toka kileleni hata mtoni.

Watu walioweza kuigawanya kazi kwa nidhamu hiyo, haiwezekani wawe hawana nidhamu katika maisha yao ya nyumbani. Zamani wanaume wa ukoo mmoja walikuwa wakila pamoja katika baraza iitwayo sengu, chakula kikiletwa kutoka nyumba mbalimbali, na mbele ya babu yao wakisuluhisha ugomvi, wakipanga kazi za mashamba, na kuwafunza vijana adabu. Kahawa ilipoingia katika karne ya 20 ilileta fedha, na fedha ikaleta nyumba za matofali na ada za shule. Nayo sengu, kwa masikitiko yangu, imepungua nguvu. Lakini staha kwa mgeni ingali ipo. Mgeni hukaribishwa kuketi kabla ya kuulizwa haja yake, huletewa maji ya kunawa, na huwekewa ugali wa mahindi na maharage ya mlimani, mazito, yaliyopikwa taratibu hata mchuzi ukawa mzito nao. Kukataa chakula hicho kwa kisingizio cha haraka ni utovu wa adabu.

Kutoka Mbinga mjini hata Mbamba Bay si zaidi ya kilomita 70 hivi, lakini njia hushuka kutoka nchi ya baridi na kahawa hata nchi ya joto, miembe na mihogo. Huko ni kwa Wanyasa, watu wa mitumbwi na nyavu. Ugali wao aghalabu ni wa muhogo, na kitoweo ni mbasa, magege, au dagaa walioanikwa juani. Liuli, palipoitwa Sphinxhafen na Wajerumani kwa ajili ya mwamba wake mkubwa, ndipo mnamo tarehe 13 Agosti 1914 Waingereza waliposhambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, katika siku za awali kabisa za Vita Kuu ya Kwanza. Naamini athari ya zama zile imo hata katika mganda, ngoma ya wanaume wa mwambao huu, wachezao kwa safu kama askari wa gwaride, wamevaa nguo safi na viatu vilivyong'arishwa. Ni ndugu wa ngoma ya beni iliyotamalaki pwani ya bahari. Wanawake wana kihoda yao, nayo haistahili kupitwa.

Dagaa wa ziwani hupanda mlimani, na maharage ya mlimani hushuka ziwani, hivyo mtu hawezi kula vizuri Mbamba Bay bila jasho la mama wa ngoro kuwamo katika sahani yake. Kwa sababu hiyo simshauri mtu kungoja kiangazi, wakati njia ni kavu na mashamba yamelala. Na aje Machi au Aprili, avumilie tope, apate siku mbili tatu milimani majembe yakiwa kazini, ndipo ateremke ziwani.