Usitupe Maganda: Ni Chakula ya Samaki

Mama, angalia mtoto wako. Miguu imevimba? Nywele zimekuwa nyekundu na laini? Hapendi tena kucheza? Hiyo inaweza kuwa bwaki, ndiyo kwashiorkor. Umlete leo, usingojee.

Bwaki inashika sana mtoto anayekula ugali wa muhogo peke yake. Muhogo unajaza tumbo, lakini haujengi mwili. Samaki anajenga mwili. Kama unakaa kilimani, mbali na sambaza za ziwa Kivu, unaweza kufuga tilapia ndani ya bwawa karibu na kijito.

Utasema: «Mimi sina franga ya kuuza chakula ya samaki.» Chakula iko nyuma ya nyumba yako:

– majani ya mateke na ya viazi vitamu, uyakatekate;
– pumba ya mahindi, na makapi ya kasiksi;
– maganda ya muhogo, lakini uyaloweshe na kuyaanika kwanza, sababu maganda mabichi yana sumu.

Mavi ya mbuzi au ya ngombe na majani yaliyooza, uyaweke kwenye pembe ya bwawa, ndani ya kizio cha miti. Maji yatakuwa kijani: ni mimea midogo sana, na tilapia anaikula. Ingiza mkono mpaka kiwiko. Kama hauoni vidole, mbolea inatosha. Kama asubuhi samaki wanapanda juu kutafuta pumzi, usiongeze kitu. Ingiza maji mapya.

Mavi ya watu, hapana. Fyeka majani pembeni sababu ya mbu, na zungusha lupango, mtoto asizame.

Uvumilie pia. Bukavu iko karibu meta 1500 juu ya bahari, maji ni baridi, tilapia anakawia kukomaa kuliko kule Uvira.

Sasa neno kubwa. Sombe laini ni ya mtoto. Sombe ngumu ni ya samaki. Na siku ya kuvua, usiuzishe samaki wote ku soko. Toa kwanza ya mtoto: umpike vizuri, utoe miiba yote, uponde, uchanganye na uji. Kama franga imeingia na mtoto amebaki na muhogo tu, bwawa limesaidia nini?