Rekodi za polisi: zinapatikana wapi, na nani ana haki ya kuziona?

Mkazi wa Ruring'u akikamatwa jioni na asifike nyumbani, familia yake huwa na swali moja kabla ya yote: yuko kituo gani? Mwajiri akimtaka kijana cheti cha tabia njema, swali huwa jingine: jina langu limeandikwa nini huko kwa polisi? Maswali yote mawili yanahusu rekodi za polisi. Kila rekodi ina mahali pake, utaratibu wake na mipaka yake, na asiyejua njia huangukia mikononi mwa madalali wanaomtoza pesa kwa huduma ambayo sheria tayari imempa.

Kwanza ifahamike kwamba polisi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, kama inavyoeleza Jedwali la Nne la Katiba. Serikali ya Kaunti ya Nyeri haitunzi rekodi za vituo vya polisi wala haiwezi kuzitoa. Jambo hili huwachanganya wengi, hasa waliosoma habari za Marekani, ambako jela nyingi za kaunti huchapisha mtandaoni majina ya waliokamatwa. Hapa nchini hakuna orodha ya namna hiyo. Anayetafuta habari huanzia kituoni, kisha mahakamani.

Kituo cha polisi: Kitabu cha Matukio

Kila kituo huwa na Kitabu cha Matukio, ambacho wananchi hukiita OB. Humo huandikwa ripoti za wizi, ajali, kupotea kwa stakabadhi, ugomvi na kukamatwa kwa watu. Kila ripoti hupewa nambari na tarehe. Nambari hiyo ya OB ndiyo uthibitisho kwamba jambo liliripotiwa, na bila hiyo ni vigumu kufuatilia lolote baadaye. Mwananchi asiondoke kwenye kaunta kabla ya kuipata na kuiandika.

OB si kitabu cha kila mtu kufunua na kusoma. Kina majina ya walalamishi, mashahidi na wakati mwingine watoto. Aliyeripoti ana haki ya kupata nambari yake na, pale inapohitajika, muhtasari wa ripoti unaoitwa police abstract. Aliyepoteza kitambulisho, kadi ya benki au hatimiliki huuhitaji ili apewe stakabadhi nyingine. Muhtasari huo hutolewa bila malipo. Fomu ya P3, anayojaziwa mtu aliyejeruhiwa, pia hutolewa bure kituoni.

Mtu amekamatwa: saa 24 za kwanza

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inawataka polisi kuweka kumbukumbu za kila anayezuiliwa: jina lake, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa, afisa aliyemkamata, na kama amehamishwa kupelekwa kituo kingine. Jamaa au wakili anapofika kituoni kuuliza, habari hizo ndizo za kuombwa, moja baada ya nyingine.

Kwa mtu aliyekamatwa mjini Nyeri au viungani mwake, ni vyema kuanza na kituo kilicho karibu na mahali alipokamatiwa. Asipopatikana hapo, ulizia Kituo cha Polisi cha Nyeri Central na ofisi za wapelelezi wa DCI. Beba jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa kuwa jina la mtaani halimo kitabuni. Ukiambiwa hayupo, omba kuonana na OCS, na uandike saa uliyofika na jina la afisa aliyekuhudumia.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili au mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Ni lazima afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 baada ya kukamatwa. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, atafikishwa siku inayofuata ya mahakama. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kufikishwa Jumatatu asubuhi bila sheria kuvunjwa. Aliyekamatwa Jumanne asubuhi hawezi kukaa seli hadi Ijumaa bila amri ya mahakama.

Haki hizi haziondoki mtu anapokamatwa kwa kuvunja sheria za kaunti, kama vile kufanya biashara bila leseni.

Polisi wakimwachilia mtu kwa dhamana ya pesa taslimu, ni lazima risiti rasmi itolewe. Pesa isiyo na risiti si dhamana.

Ikiwa saa zimepita na hakuna anayekiri kumzuilia mtu wenu, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu, ambayo pia huketi Nyeri, iwaamuru polisi wamlete mtu huyo mbele yake. Katiba imeweka haki hii katika Kifungu cha 25, miongoni mwa zile zisizoweza kuwekewa kikomo. Malalamishi dhidi ya maafisa pia hupokelewa na IPOA, mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi, kupitia nambari ya bure 1559.

Mahakama: mlango ulio wazi zaidi

Mtu akishafikishwa mahakamani, mambo huwa wazi zaidi. Kesi za jinai husikizwa hadharani, isipokuwa pale sheria inapotaka vinginevyo, mathalan kulinda watoto au mashahidi. Orodha ya kesi za siku hubandikwa mahakamani na pia huchapishwa mtandaoni. Ukiwa na nambari ya kesi, masjala ya mahakama itakueleza kesi imefikia wapi na itatajwa lini, na anayetaka kupekua faili au kupata nakala hulipia ada rasmi na kupewa risiti. Hukumu nyingi za mahakama za juu zinasomeka bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law.

Wakazi wa Ruring'u wana kumbukumbu ya karibu ya uzito wa faili ya mahakama. Makavazi ya Nyeri yamo katika jumba lililokuwa Mahakama ya Wenyeji enzi za ukoloni. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa hapa Nyeri na kunyongwa Februari 1957. Kwa miongo mingi, wananchi hawakuwa na njia ya kusoma yaliyosemwa katika kesi hiyo, hadi mwenendo wake ulipochapishwa kuwa kitabu mwaka 2017.

Rekodi yako mwenyewe

Cheti cha tabia njema hutolewa na DCI. Maombi hufanywa kwenye eCitizen, ambako pia ada hulipwa. Baada ya hapo mwombaji huchapisha fomu na kwenda kuchukuliwa alama za vidole, huduma inayopatikana pia katika vituo vya Huduma. Anayekuahidi cheti bila alama za vidole anakuuzia karatasi ya bandia.

Kukamatwa si kupatikana na hatia. Mahakama ikimwachilia mshtakiwa huru au kesi ikiondolewa, aombe nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi na aihifadhi vizuri. Jina likionekana vibaya kwenye rekodi, nakala hiyo ndiyo ushahidi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasisitiza haki hiyo.

Ukinyimwa habari

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba habari kutoka kwa taasisi ya umma kwa Kiswahili au Kiingereza. Halazimiki kueleza sababu. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa kuandikiwa ombi lake. Ombi lenyewe halilipiwi. Kinacholipiwa ni gharama halisi ya kutoa nakala. Jibu linafaa kutolewa ndani ya siku 21. Hata hivyo, habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu inafaa kutolewa ndani ya saa 48.

Taasisi inaweza kukataa ikiwa kutoa habari kutavuruga haki mahakamani, kuhatarisha maisha ya mtu au kuingilia faragha yake bila sababu. Ikikataa, ieleze sababu. Asiyeridhika ana siku 30 za kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na Tume ya Haki za Kiutawala, maarufu kama Ofisi ya Ombudsman.

Mipaka hiyo inamhusu mwananchi pia. Kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp picha na jina la jirani aliyekamatwa kunaweza kumharibia kazi na heshima kabla mahakama haijasema lolote, na kunaweza kumfikisha msambazaji mwenyewe kortini. Mtoto aliye mikononi mwa sheria hapaswi kutambulishwa kabisa.

Kabla ya kwenda kituoni, hakikisha unayo haya: jina kamili na nambari ya kitambulisho ya anayetafutwa ikiwa unaijua, mahali na saa alipokamatwa, nambari ya OB ikiwa ipo, kitambulisho chako, na daftari la kuandikia majibu.