Pampu Iliyoanzia Miguuni pa Mkulima

Mkulima mwenye robo ekari ya nyanya kando ya kijito anaijua taabu ya ndoo. Anashuka, anachota, anapanda mteremko, anamwagilia, anashuka tena. Jua likishakuwa kali, nusu ya shamba bado haijaonja maji.

Taabu hiyo ndiyo waliyotaka kuipunguza Martin Fisher, mhandisi kutoka Marekani, na mwenzake Nick Moon kutoka Uingereza. Mwaka 1991 walianzisha nchini Kenya shirika la ApproTEC, ambalo siku hizi linaitwa KickStart. Mfano walikuwa nao: pampu ya kukanyaga kwa miguu, iliyokwisha kuenea Bangladesh. Ila Bangladesh ni nchi tambarare. Pampu ya huko huyavuta maji na kuyamwaga mtaroni, yakajiendea yenyewe. Mashamba mengi ya Kenya yako miteremkoni. Kwa hiyo Super MoneyMaker, iliyotoka mwaka 1998, iliundwa iyavute maji na kuyasukuma ndani ya mpira hadi juu ya kilima.

Mabadiliko mengine yalitokana na kumtazama kwa makini mtu atakayeitumia.

Wengi wa wanaopampu ni wanawake, nao huvaa sketi au leso. Pampu iliyoinuka ingewalazimu kupandisha mapaja na kuchezesha nyonga mbele ya wapita njia, jambo ambalo vijijini si la heshima. Basi wabunifu wakaishusha pampu karibu na ardhi na kufupisha mwendo wa pedali, mguu upande na kushuka kidogo tu. Pedali zenyewe zilitakiwa zikanyagike hata kwa miguu mitupu.

Kulikuwa na suala la wizi. Kitu cha chuma kikilala shambani, asubuhi huenda kisikutwe. Kwa hiyo pampu hii haisimikwi kwa saruji. Jioni mwenyewe huibeba akaenda kulala nayo nyumbani. Tena wakulima wengi hawana spana, hivyo matengenezo ya kawaida yalipaswa kuwezekana kwa mikono mitupu.

Kuyatimiza yote hayo pamoja si kazi ndogo. Chuma kikipunguzwa ili pampu ibebeke, lazima bado ihimili uzito wa mtu mzima siku nzima. Mwendo wa pedali ukifupishwa, maji yasipungue mno.

Bado palikuwa na bei. Kwa wasioimudu Super MoneyMaker, shirika lilitoa pampu nyingine ndogo ya kilo 4.5 hivi, ambayo mtu huiendesha kwa uzito na msukumo wa mwili wake. Baadaye likaanzisha nchini Kenya mpango wa Tone Kwa Tone Pata Pampu. Mkulima hulipa kidogo kidogo kwa simu ya mkononi kila apatapo chochote, na bei ikitimia anachukua pampu yake, bila kukopa wala kungoja fedha za mavuno zije kwa mkupuo.