Kabla ya kuamini grafu ya bei, tazama skeli

Oktoba 28, 1929, wastani wa hisa wa Dow Jones katika soko la New York ulianguka kwa pointi 38. Machi 16, 2020, wastani huohuo ulianguka kwa pointi 2,997. Katika grafu ya kawaida inayochukua miaka yote hiyo, siku ya kwanza haionekani kabisa na ya pili ni poromoko la kutisha. Hata hivyo, wenye hisa walipata hasara karibu sawa: asilimia 12.8 mwaka 1929 na asilimia 12.9 mwaka 2020.

Kinachodanganya macho hapo ni skeli ya mhimili wa wima.

Katika skeli ya kawaida, kila sentimita ni idadi ileile ya shilingi au pointi. Hisa ikitoka Sh 100 hadi Sh 200, na nyingine Sh 1,000 hadi Sh 1,100, mistari yote miwili hupanda sawa. Lakini mwenye hisa ya kwanza ameongeza fedha zake mara mbili, na wa pili amepata asilimia 10 tu.

Skeli ya logi hupima uwiano. Humo, nafasi kati ya 100 na 200 ni sawa na nafasi kati ya 1,000 na 2,000. Bei inayokua kwa asilimia ileile kila mwaka huchora mstari ulionyooka, na ukuaji ukipungua mstari hulala mara moja.

Umuhimu wake ni mkubwa kwa anayepima hatari. Dow Jones ilifunga kwa pointi 381.17 Septemba 3, 1929, na Julai 8, 1932 ilikuwa 41.22, hasara ya asilimia 89. Katika grafu ya kawaida inayofika pointi 40,000, maafa hayo ni mkwaruzo mdogo chini ya karatasi. Mwekezaji anaweza kudhani soko la zamani lilikuwa tulivu.

Skeli ya kawaida nayo ina kazi yake. Inatosha kwa bei za wiki chache zisizobadilika sana. Aidha, ndiyo ifaayo kwa faida na hasara, kwani skeli ya logi haina nafasi ya sifuri wala namba hasi.

Jambo jingine ni mahali mhimili unapoanzia. Gunia likipanda kutoka Sh 100,000 hadi Sh 102,000, ongezeko ni asilimia 2. Mhimili ukianzia Sh 99,500 na kuishia Sh 102,500, ongezeko hilo huonekana kama mlima, na mfanyabiashara mwenye haraka hujaza ghala bure.

Kwa hiyo, soma namba za pembeni kabla ya kufuata mstari. Gawanya bei ya mwisho kwa bei ya mwanzo ujue asilimia. Bei ya juu ikiwa zaidi ya mara mbili ya bei ya chini, ni vema kuomba grafu ya logi kabla ya kutoa fedha.