Kipupwe Kikiingia, Sato Hana Njaa

Mwezi wa sita ukifika Njombe, wafugaji wa samaki mabondeni huanza kulalamika: chakula kinarushwa bwawani, sato hawapandi. Pumba inaelea, inalowa, inazama. Wengi hudhani samaki wanaumwa au chakula hakiwavutii, basi wanaongeza dagaa wa kusaga. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Ng'ombe akipigwa na baridi hula zaidi, maana sehemu ya malisho huyachoma ili mwili usipoe. Samaki hana jiko hilo. Joto la maji ndilo joto la damu yake, la ini lake na la utumbo wake. Mwaka 1884 mkemia Mholanzi Jacobus van 't Hoff alieleza kwamba mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka kasi mara mbili au tatu joto linapopanda kwa nyuzi 10. Kumeng'enya chakula nako ni kemia, na hesabu hiyo hurudi nyuma vilevile: sato aliyekuwa kwenye maji ya nyuzi 28, yakishuka hadi 18, tumbo lake linafanya nusu ya kazi au pungufu. Alichokula jana bado kimo kwenye ule utumbo wake mrefu uliojikunja. Ale tena akiweke wapi?

Chini ya nyuzi 20 hamu ya sato hupungua sana. Kwenye 16 hivi huacha kula, na maji yakikaribia 11 huanza kufa. Bwawa lenye kilo 100 za samaki, lililokuwa likilishwa kilo 3 kwa siku wakati wa joto, litatosheka na kilo 1 hivi maji yakiwa nyuzi 20. Yakishuka chini ya 17, funga gunia.

Kisicholiwa huozea chini. Bakteria wanaokiozesha hula oksijeni, protini ya dagaa uliyoinunua kwa bei kali inageuka amonia, na bakteria ambao kwa kawaida huisafisha amonia hiyo nao wamezubaishwa na baridi. Siku za ukungu mwani haupati jua la kutengeneza oksijeni ya kutosha, ndiyo maana alfajiri samaki huonekana wakitweta juu ya maji.

Halafu kuna suala la saa. Wengi hulisha saa moja asubuhi, wakiwa njiani kwenda vinyunguni, kwenye bustani zao za mabondeni. Kwa kipupwe hakuna saa mbaya kama hiyo, kwani maji yamepoa usiku kucha. Subiri saa tisa alasiri, baada ya jua kufanya kazi yake. Kidole hakitoshi kupima. Funga kipimajoto kwenye kamba, kizamishe nusu mita, usome. Kisha rusha konzi chache na uangalie: kisichoisha ndani ya robo saa kilikuwa cha ziada.

Maji yakianza kupata joto mwezi wa tisa, ongeza chakula kidogokidogo. Sato waliokaa na njaa hula kwa pupa, na hufidia sehemu ya ukuaji walioupoteza.