Saratani ya Kinywa: Seli Zinapoachana

Kidonda kidogo kinywani kisichouma ni jambo ambalo mwanachama aghalabu hulipuuza hadi msimu wa mauzo upite. Yafaa ieleweke kwa nini kuchelewa huko kwaweza kugharimu maisha.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Seli za ngozi laini ya kinywani zimepangika tabaka juu ya tabaka, nazo hushikamanishwa na protini maalumu. Mojawapo ni kadherini ya aina ya E. Jina la kadherini lilitolewa mwaka 1984 na mtaalamu wa Kijapani, Masatoshi Takeichi, pamoja na wenzake. Protini hizo hazishiki pasipo madini ya kalisi. Kadherini ya seli moja huishika ya seli jirani, mfano wa watu waliosimama safu wakishikana mikono. Protini nyingine, ziitwazo integrini, hushikiza seli za tabaka la chini kwenye utando ulio chini yake.

Saratani ikiingia, seli huzaana pasipo utaratibu. Hata hivyo, maadamu hazijatoboa utando ule, ugonjwa hukaa mahali pamoja na daktari aweza kuukata wote. Hatari huzidi pale seli zinapopungukiwa na kadherini. Mikono ikiachana, seli hujitenga, hupenya katika mishipa ya limfu na kufikia tezi za shingo. Hiyo si njia pekee, kwani seli nyingine husafiri kwa makundi zikiwa bado zimeshikana. Lakini wachunguzi wamekuta mara nyingi kwamba saratani za kinywa zilizopungukiwa na kadherini ndizo zinazosambaa zaidi. Ugonjwa ukishafika kwenye tezi hizo, matumaini ya kupona hupungua kwa karibu nusu.

Visababishi vikuu vinajulikana: tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, ugoro uwekwao mdomoni, pombe, na tambuu yenye popoo. Anayevuta sigara na kunywa pombe kwa pamoja hujiongezea hatari maradufu na zaidi.

Tiba iliyopo ni upasuaji, mionzi na dawa, nayo hufaa zaidi mgonjwa anapowahi. Kwa hiyo kila mwanachama hana budi kuzitambua dalili hizi:

1. Kidonda kinywani kisichopona kwa muda wa wiki 3.
2. Baka jeupe au jekundu lisilofutika.
3. Jino kulegea pasipo sababu.
4. Uvimbe shingoni usiopungua, hata kama hauumi.

Mwenye dalili mojawapo aende hospitali asisubiri maumivu, kwa maana maumivu mara nyingi huja ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Makatibu wa vyama wanaombwa kuzisoma dalili hizi katika mkutano wa wanachama kabla ya msimu wa mauzo kuanza, ili asiwepo mtu atakayeweka kidonda chake akiba mpaka malipo yatoke. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.